Mashoto wa Ghorofa ya Tatu

Mashine yetu ilikuwa inasoma mwandiko wa mtu yeyote wa Moscow, isipokuwa wa mtu aliyeiunda. Taasisi nzima ilicheka, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, maana mdomo wangu haujui likizo. Innokenti Savelich, mkuu wetu, akishika ile kalamu yenye waya na kuandika jina lake, kioo cha kompyuta kilitema takataka tupu: alama za kuuliza, nukta, herufi moja moja zilizopotezana. Yeye alifuta miwani, akasema kwa upole, "Faina Borisovna, hebu andika wewe." Naandika mimi, mashine inasoma. Anaandika fundi wa lifti, inasoma. Siku moja aliingia mlevi akitafuta choo, nikampa kalamu kwa utundu tu, akaandika huku anayumba. Ikasoma.

Basi nikawa namwambia mkuu kuwa mwandiko wake ungefaa kutishia kunguru shambani. Alicheka na mimi, hana kinyongo yule. Vikaratasi alivyoniachia mezani asubuhi nilivitia kapuni bila kujaribu kuvisoma, nikamfuata nikamuuliza kwa mdomo anataka nini. Akajibu, "Si kitu, Faina Borisovna, si kitu," kisha akapokea kikombe chake cha chai. Chai ya pale ilikuwa yangu. Watu wanipe au waninyime sifa nyingine zote, lakini kwa chai sikuwahi kusikia lalamiko.

Hayo ni mambo ya mwaka wa tisini, wakati kompyuta zilijua kupigwa vidole tu. Sisi tulitaka mtu aiandikie kompyuta kama anavyomwandikia shangazi yake. Ubao wetu ulikuwa waya nyembamba za shaba zilizopangwa juu ya mbao, na juu yake kitambaa cha plastiki cha mezani chenye picha za matunda mekundu ya cheri, nilichokitoa jikoni kwangu. Kalamu ilikuwa ganda la kalamu ya kawaida lenye koili ya waya ndani. Ukiandika, waya zilihisi kalamu iko wapi na inaelekea wapi.

Hapo ndipo penyewe. Mashine haikuangalia herufi kama wewe unavyoiangalia ikishaandikwa. Iliifuata kalamu ikiwa bado njiani: imeanzia wapi, imekata kona gani, imeishia wapi. Innokenti Savelich alipenda kusema kuwa herufi ni safari. Nami nilipenda kumjibu kuwa safari zake yeye zinaishia mtaroni.

Kazi yangu ilikuwa kuleta watu wa kuandika, ili mashine ijifunze safari za kila namna. Mbele ya jengo letu palikuwa na duka la viatu, na mbele ya duka foleni isiyokauka mwaka mzima. Baridi ikizidi, nilishuka nikawaambia watu juu kuna joto, chai, biskuti ngumu za duara na kiti cha kukalia, wenzao wawashikie nafasi. Walipanda bila kusukumwa. Wauguzi, madereva, maprofesa, wajane, wote walikaa mbele ya zile cheri na kuandika, herufi zetu na za Kilatini pia. Na wote waliandika karibu sawa, mlazo uleule, mkia uleule, kwa sababu nchi nzima ilifundishwa kwa daftari moja la darasa la kwanza. Mashine ilikuwa inajilia raha.

Lakini taasisi ilikuwa haina kitu. Serikali imeacha kuleta fungu, watu wanatazamana, kila chumba kinatafutiwa kazi nyingine. Chumba chetu kilitamaniwa na naibu mkurugenzi, Taras Lukich Pogrebnyak, mtu mwenye tumbo la heshima na ugonjwa mmoja tu, mchezo wa biliadi. Alikuwa ameshaahidiwa meza kubwa kutoka klabu moja ya jeshi iliyofungwa, akawa anakuja kwetu na tepu ya kupimia, anapima huku tumekaa. Alinipima hadi mimi, kwa vile nilikataa kuinuka.

Mwezi wa tatu akatuita akatuambia pasipo kuzunguka. Kampuni moja ya Marekani inamtuma mtu Ijumaa kuiona mashine. Akiipenda, kuna mkataba na dola, na chumba tunabaki nacho. Asipoipenda, Jumatatu inaingia meza ya biliadi, mimi nahamishiwa maktaba, na Innokenti Savelich anakwenda kiwanda cha nje ya mji kupiga hesabu za zege, kazi aliyoifanya ujanani.

Mimi maktaba ningeishi. Ningewanyamazisha watu, ningefurahi. Lakini yeye alikuwa ametoa kila kitu kwa ule ubao. Mkewe alimwacha kwa ajili yake. Alisema mshindani wake angekuwa mwanamke, angalau angemvuta nywele, lakini ubao atauvuta nini. Tuliporudi chumbani mkuu alikaa, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Faina Borisovna," akasema, "nikirudishwa kwenye zege, nitakufa. Sisemi kwa mzaha."

Nikamwambia asiseme maneno hayo mbele ya mashine.

Ijumaa akaja mama mmoja mrefu kutoka Kalifonia, Bi Corinne Haldorsen, viatu vya michezo chini ya suti, kicheko kikubwa. Mimi ndiye nilikuwa mkalimani, kwa sababu Kiingereza nilikisoma kwa miaka mingi katika vitabu vya ufundi. Taras Lukich alivaa tai na kusimama mbele ya wote, kana kwamba kalamu ameichonga yeye.

Mwanzo mambo yalikwenda kama maji. Niliandika, ikasoma. Fundi wa lifti aliandika, ikasoma. Bi Haldorsen akawa anasema maneno ya kustaajabu ambayo sikuwa na haja ya kuyatafsiri, uso wake ulitosha. Innokenti Savelich rangi ilianza kumrudia. Kisha mgeni akasema naye ajaribu, akavuta kiti, akashika kalamu.

Kwa mkono wa kushoto.

Nakwambia ukweli, nilidhani ule wa kulia ameuumiza ndani ya ndege. Akainamisha kichwa, akaandika upesi upesi, mkono umejikunja juu ya mstari kama mtu anayeficha jibu la mtihani. Kioo kikatoa alama za kuuliza. Akaandika tena, polepole. Nukta, na herufi moja moja zilizopotezana.

Taras Lukich akaniinamia sikioni. "Mwambie ashike kalamu vizuri."

Nikamgeukia mgeni nikamwambia naibu mkurugenzi anauliza kama kiti kinamfaa. Akasema kinamfaa sana.

"Sasa mbona bado anashika vilevile?" akauliza Taras Lukich. "Mwambie kwetu jambo hilo hurekebishwa darasa la kwanza."

Nikamwambia Bi Haldorsen kuwa naibu anajivunia shule zetu. Akajibu kwa heshima kuwa hata yeye amesikia sifa zake. Taras Lukich akatikisa kichwa, ameridhika, akidhani sasa kalamu itahamia upande wa pili. Haikuhama.

Mama yule hakuwa mjinga. Aliutazama mkono wake, akakitazama kioo, akanitazama mimi. Akauliza watu wa mashoto hapa wanaiandikiaje mashine hii. Hilo nikalitafsiri sawasawa, maana lilimhusu mkuu.

"Hatuna," akasema Innokenti Savelich.

"Hamna mwandiko wao?"

"Hatuna wenyewe."

Akadhani nimekosea kutafsiri, akarudia swali. Ikabidi nimweleze. Kwetu mtoto akiingia shule na kalamu mkono wa kushoto, anahamishiwa wa kulia, apende asipende. Wengine walifungwa mkono kwa kitambaa, wengine walichapwa rula vidoleni, wengine walibembelezwa kwa peremende, lakini wote walifika upande uleule. Miaka michache nyuma wizara iliamua waachwe, ila hao walioachwa walikuwa bado wanajifunza kuandika "mama". Kwa hiyo katika watu wote niliowatoa kwenye foleni, hapana hata mmoja aliyeshika kalamu kwa kushoto. Na sisi wala hatukuliona hilo. Nani anaona kitu ambacho hakipo?

Bi Haldorsen aliiweka kalamu mezani. Kisha akasema, na hakuwa anacheka tena, kuwa anaipenda sana mashine yetu, lakini mkubwa wake wa kazi naye ni mashoto. "Nikimpelekea hii, ataiandikia mara moja, halafu itatoka dirishani." Ndege yake ilikuwa Jumatatu mchana. Akasema atapita asubuhi ya siku hiyo kuaga, na macho yake yalionyesha kuwa kuaga ndiko kutakakokuwa.

Alipoondoka, Taras Lukich alilegeza tai. "Jumatatu meza inakuja," akasema, akatoka akipiga mluzi.

Innokenti Savelich alikaa pale alipokuwa amekaa mgeni. Aliiweka mikono yake yote miwili juu ya cheri, akaitazama kana kwamba ameazimwa. Nikamwekea chai. Hakuigusa.

"Bibi yangu alinishonea koti la shule," akasema. "Mkono wa kushoto aliushona mwishoni, ukawa kama mfuko. Majira ya baridi yote ya mwaka ule sikuwa na vidole upande huu."

"Wewe?" nikasema.

"Mimi. Nilikuwa nimesahau, Faina Borisovna. Nilisahau kabisa."

Nilimwona akilini akiwa kitoto, na kimfuko chake cha koti, kinajifunza kuandika kwa mkono ambao si wake. Nikataka nimpate huyo bibi. Lakini alikuwa amekufa kabla ya vita vya pili vya dunia kwisha, Mungu amrehemu, na huenda alidhani anamtendea mema.

Kisha Innokenti Savelich akachukua kalamu kwa kushoto, akachora duara. Duara lilizunguka upande wa kinyume na wetu sote. Akahamisha kalamu mkono wa kulia, akachora tena, na lile duara likazunguka kulekule, kinyume. Akakata mstari wa kulala wa herufi. Mstari ulikimbia kutoka kulia kwenda kushoto, nyumanyuma. Akasimama ghafla hata kiti kikaanguka.

Kumbe mashine haikuwa imemwonea hata siku moja. Shule ilimhamisha kalamu, lakini safari zilibaki zile za mkono wa kwanza. Aliandika kwa kulia kama mashoto. Macho ya binadamu yaliona mwandiko mbaya tu, mashine ikaona mtu anakwenda kinyumenyume barabarani.

Akaanza kutembea chumbani, anazungumza haraka. Hatuna haja ya kuanza upya, alisema. Tunachotaka ni kujua safari zipi mashoto huzigeuza na zipi huziacha, kisha mashine ifundishwe kuzikubali zote mbili. Yeye mwenyewe hakutosha, mkono wake ulishavurugwa. Alihitaji wengine, tena kabla ya Jumatatu.

"Niletee mashoto, Faina Borisovna."

"Niwatoe wapi?"

"Umeniletea Moscow nzima. Hao nao wamo humo."

Jumamosi asubuhi nikashuka kwenye foleni ya viatu, nikapaza sauti kuuliza nani mashoto. Ni kama niliyeuliza nani ana chawa. Watu waligeuza nyuso, mwingine akatazama juu kana kwamba ameitwa na ndege. Mama mmoja aliyekuwa anahesabu chenji kwa mkono wa kushoto aliutumbukiza mfukoni mbele ya macho yangu, akaniambia, "Mimi ni wa kulia, dada. Wa kulia kabisa." Nikamwachia mfuko wake. Mambo ya kimfuko cha Innokenti Savelich yalikuwa yamenitosha.

Nikasimama kwenye theluji iliyogeuka tope nikafikiri. Mashoto anatakiwa wapi hapa duniani, mahali ambapo hafichwi? Nikakumbuka bustani ya karibu ina ukumbi wa mpira wa meza, na kila mchezaji huogopa kupangiwa mashoto. Nikaenda. Kocha wao, Rufina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mlango mkavu, alinisikiliza, akaita wanne wake, akajitaja na yeye. Watano! Nilirudi nao nikitembea mbele kama niliyeshinda uchaguzi.

Wakakaa. Nikampa kalamu wa kwanza, jitu la mabega. Akaipokea kwa kulia.

"Wewe si mashoto?" nikauliza.

"Mashoto, mama."

"Sasa?"

"Kucheza ni kucheza. Kuandika ni shule."

Wote walikuwa hivyo hivyo. Walimpiga mtu mpira wa kushoto hadi akalia, lakini kalamu waliishika kama walivyoagizwa na mwalimu. Nikawaambia leo mwalimu hayupo, ameugua, washike upande mwingine. Wakaanza kuchekeana. Lile jitu la mabega lilitoa ulimi nje likachora "a" kubwa kama yai la bata. Rufina alikataa katakata, akasema amesahau, mkono ule hauna akili ya herufi. Nikamwambia auweke tu juu ya cheri, asiandike. Akauweka. Baada ya muda mkono ukaanza wenyewe, ukachora "R" inayotetemeka, na yule mama ambaye sauti yake ilizoea kutisha vijana akafunga mdomo wake kwa kiganja cha kulia, akaendelea.

Herufi zilikuwa mbaya, lakini safari zilikuwa za kweli, na safari ndizo zilizotakiwa. Innokenti Savelich alikuwa ameganda mbele ya kioo akinong'ona, "Hii imegeuka. Hii imebaki. Hii imegeuka." Hadi jioni alikuwa amejua mengi. Kilichokosekana ni kimoja. Hawa waliandika kama watoto, herufi baada ya herufi, wakivuta pumzi katikati. Bi Haldorsen aliandika mbio, kwa kuunganisha. Alitakiwa mashoto anayeandika mbio, na mtu kama huyo katika mji mzima hakuwepo.

Jumapili mchana tulikuwa tumekaa na huzuni yetu, mlango ukafunguka bila kubishwa. Taras Lukich, na wapagazi wawili nyuma yake. Alikuja kuwaonyesha meza itapita wapi. Mkononi alikuwa na fimbo yake ya biliadi ndani ya mfuko wa ngozi, maana hakuachana nayo hata siku za mapumziko.

Hakutusalimu. Aliwaonyesha dirisha, akawaonyesha kona, akasema ubao utabebwa na takataka nyingine. Mmoja wa wapagazi akauliza kati ya meza na ukuta iachwe nafasi gani. Taras Lukich akatoa fimbo, akainama juu ya meza yetu hapohapo, akarudisha kiwiko nyuma kuwaonyesha, akapiga hewa.

Kwa kushoto.

Nikamtazama Innokenti Savelich. Naye alikuwa ananitazama. Nikainuka taratibu, nikaenda nikafunga mlango, nikauegemea. Mimi ni mtu wa uzito wa kutosha.

"Ndugu naibu," nikasema, "kaa kitini."

Akasema hana muda. Nikamwambia nimeona kiwiko. Akasema biliadi ni biliadi. Nikamwambia na mpira wa meza ni mpira wa meza, tumeshayasikia hayo jana, akae. Nikammiminia chai, nikamnyooshea, nikarudi mlangoni. Akaipokea kwa kushoto. Akaona amepokea kwa kushoto, akakihamisha kikombe upande wa pili, akajimwagia tai.

"Taras Lukich," akasema mkuu wangu kwa upole wake, "mimi walinishonea mkono wa koti. Wewe?"

Naibu mkurugenzi alikuwa anapangusa tai. Aliipangusa muda mrefu kuliko tai inavyohitaji.

"Rula," akasema. "Ya chuma."

Wapagazi wakakaa chini, wameelewa kuwa kazi imesimama. Taras Lukich akatazama mlango, akanitazama mimi mlangoni, akapima, akaona sipimiki. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, kuwa ofisini husaini kwa kulia, lakini nyumbani huandika kwa kushoto. Hujifungia bafuni, anafungulia maji ili mkewe asisikie kalamu. Miaka yote hiyo. Mkewe anajua kuwa mumewe ana tumbo baya.

"Kwa kuunganisha?" akauliza Innokenti Savelich. "Mbio?"

"Mbio sana," akasema Taras Lukich, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiona haya kama bwana harusi.

Akakaa. Akashika kalamu. Akauliza aandike nini, nikamwambia chochote, na roho yake ilipo ndipo kalamu ilipokwenda: akaandika kanuni za biliadi, zote, tangu mpira wa kwanza. Jamani, mwandiko ule! Mzuri, wa duara, umelala upande wa kinyume na nchi nzima. Aliandika akatabasamu, akaandika tena akasahau tumo. Nilimwambia inatosha, akasema bado hajafika kwenye faulo. Wapagazi walikunywa chai, wakala biskuti, mwishoni wakaaga wakaenda zao, wala hakuinua kichwa. Innokenti Savelich alikuwa upande wa pili akifundisha mashine, na kila alipoifundisha, alama za kuuliza zilipungua. Jua lilipoanza kushuka, kioo kilikuwa kinajaa kanuni za biliadi, zimesomeka.

Jumatatu asubuhi Bi Haldorsen aliingia na sanduku lake la safari. Hakukaa. Alianza kusema maneno yale mazuri ambayo watu husema wakiwa wanaondoka. Innokenti Savelich hakungoja nitafsiri. Alimvutia kiti, akampa kalamu, akaielekeza mwenyewe upande wa kushoto.

Mama yule akainamisha kichwa, mkono ukajikunja, akaandika mbio. Mimi nilifumba macho. Nilipofumbua, juu ya kioo yalikuwa maneno yake, yamenyooka, imekosewa herufi moja tu: kwamba ana ndege ya mchana na hataki kuikosa.

Akasoma. Akaandika tena. Akasoma. Akageuka akauliza tumewatoa wapi watu wa mashoto kwa siku mbili. Nikamwambia walikuwepo, ila walikuwa bafuni. Hakuelewa, wala sikumweleza, siri ya mtu ni ya mtu. Alilaza sanduku sakafuni, akakalia kiti sawasawa, akasema anahitaji simu ya kupiga Kalifonia, ndege kama inataka kuondoka, iondoke.

Taras Lukich akajisogeza katikati. "Mwambie," akaniambia, "kwamba katika taasisi yetu mashoto wamethaminiwa siku zote."

Hilo nikalitafsiri neno kwa neno, kwa raha zangu. Bi Haldorsen akampa mkono wa kushoto, naye akaupokea kwa kushoto, mbele ya watu, mchana kweupe.

Ile meza ya biliadi iliwekwa ghorofa ya kwanza, kwenye chumba kilichokuwa cha maktaba. Kwa hiyo hata ningehamishwa nisingekuwa na pa kwenda.

Mchana, mgeni na wakubwa walipokwenda kupiga simu, tukabaki wawili. Innokenti Savelich alikuwa amesimama karibu na ubao, hajui aweke wapi mikono. Nikamwambia, haya, wewe je. Akakaa. Akashika kalamu kwa kushoto, mara ya kwanza tangu lile koti, akaandika polepole, akibonyeza kama mtoto. Kioo kikasema: Innokenti Savelich.

Alikitazama kioo kile muda mrefu. Pua yangu ikaanza kuwasha, nikaona nitalia, nikakimbilia birika. Nikamimina maji kwenye vikombe. Nyuma yangu nikasikia kalamu inakwaruza tena juu ya cheri, safari hii bila kusita.

Nilipogeuka, kioo kilikuwa kimeandika: Faina Borisovna, chai yako haina majani. Miaka yote nakunywa maji ya moto.

Nikasoma mara mbili. Nikamuuliza kama mashine imekosea.

"Haikukosea," akasema.

"Sasa kwa nini hukusema siku zote hizo?"

"Kusema niliona aibu. Nilikuandikia."

Nikakumbuka kapu, na vikaratasi vyote nilivyovitia humo asubuhi kwa asubuhi, huku nacheka. Uso ukanichoma. Nikachukua kopo la majani, nikatia kijiko kimoja kwenye birika, nikamtazama. Akainua mkono wa kushoto, akanyoosha vidole viwili. Nikatia cha pili.